Makaroni kwenye Kitambaa Cheupe

Mjini Turin, kaskazini mwa Italia, upo mgahawa uitwao Del Cambio. Ulifunguliwa mwaka 1757 ukiwa nyumba ya kahawa, na unatazamana na kasri la Carignano, ng'ambo ya kiwanja ambacho mtu hukivuka kwa hatua chache. Katika miaka ya 1850 kasri hilo lilikuwa bunge la ufalme wa Sardinia, na waziri mkuu Camillo Benso, anayejulikana zaidi kwa jina la Cavour, alikuwa na meza yake maalumu mgahawani humo. Aliweza kula huku jicho moja likiwa upande wa bunge. Akihitajika, mtu alimpa ishara kutoka huko naye akaweka kitambaa chini. Meza hiyo ingali mahali pake, na wageni huoneshwa hadi leo.

Sahani inayohusishwa naye ni finanziera. Jina lina fahari, maana linawakumbusha watu koti refu la mabwana wa mabenki, lakini ukifunua sufuria utakuta undu wa jogoo, ndevu zake, maini, korodani na nyama za ndani za ndama, vyote vimeungwa kwa siki na mvinyo wa Marsala. Ni vitu vilivyokuwa vikibaki kwa wakulima wa Piedmont walipohasi majogoo wao ili wanenepe. Mkulima alivipika kwa sababu hakutaka kutupa kitu. Waziri mkuu alivila kwenye sahani ya kaure, akaletewa na muuzaji wake bili ya kibwana.

Cavour huyohuyo, mtu aliyeiunganisha Italia, alizungumza na kuandika Kifaransa vizuri kuliko Kiitaliano. Mwaka 1860, wapiganaji wa jenerali Garibaldi walipokuwa wameshaitwaa Sicily na macho yao yameelekea Naples, aliandika barua yenye mafumbo ya jikoni. Machungwa, yaani Sicily, yameshafika mezani na hatuna budi kuyala. Makaroni, yaani Naples, bado hayajaiva. Barua hiyo ya makaroni aliiandika kwa Kifaransa.

Anayeingia leo kwenye mgahawa wa Kitaliano wa hali ya juu, awe Milan, New York, Dubai au Nairobi, akakuta glasi tatu kwa kila mgeni, uma zimepangwa kama askari wa gwaride na tambi zimezungushwa katikati ya sahani kubwa kama ungo, hudhani anakaribishwa kwenye mila ya enzi na enzi. Vyakula ni vya kale kweli. Heshima yake ni ya juzi. Kwa muda mrefu tajiri wa Kitaliano alipotaka kula kitajiri alikula kwa Kifaransa, na tambi aliwaachia watu wa chini.

Tambi zenyewe zilianza kuuzwa mbali mapema sana. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, akiandika Palermo kwa amri ya mfalme Roger II, alieleza kijiji cha Trabia karibu na Termini, chenye vinu vya maji na tambi nyingi zilizosafirishwa kwa meli kwenda Calabria na katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Neno alilotumia, *itriyya*, ni la Kiarabu. Wasomaji wa mwambao wanaokula tambi za sukari na iliki wakati wa futari hawana haja ya kuiombea radhi Italia: tambi ilikuwa ya Bahari ya Kati nzima, na ya Waarabu, kabla ya kuwa na pasipoti ya Roma.

Huko Naples, kuanzia karne ya 17, makaroni yakawa chakula cha mtaani. Wauzaji waliyachemsha kwenye masufuria makubwa kando ya njia, wakayanyunyizia jibini, na mnunuzi aliyachota kwa vidole, akainua shingo, akayateremsha kooni kama anayemeza kamba. Wasafiri kutoka Ulaya ya kaskazini walilipa ili watazame. Picha za watu hao ziliuzwa kama kumbukumbu za safari, na huenda hakuna chakula kingine duniani ambacho umaskini wa walaji wake ulitangazwa kiasi hicho.

Na mchuzi wa nyanya? Nyanya ilitoka Amerika, na Wataliano waliitilia shaka kwa vizazi kadhaa. Mapishi ya mwanzo ya mchuzi wake yaliyochapishwa yamo katika kitabu cha Antonio Latini, msimamizi wa karamu za mabwana huko Naples, kilichotoka miaka ya 1690. Latini aliuita mchuzi wa Kihispania.

Majumbani mwa wakuu mambo yalikuwa mengine. Italia iliwahi kuwa mwalimu wa Ulaya katika upishi: mwaka 1570 Bartolomeo Scappi, mpishi wa Papa, alichapisha kitabu chenye mapishi zaidi ya 1,000 pamoja na michoro ya majiko, visu na sufuria. Lakini kufikia karne ya 18 upepo ulikuwa umegeuka, na Paris ndiyo iliyoamua nani anajua kula. Familia za kikabaila za Naples na Palermo ziliajiri wapishi waliopewa cheo cha *monzù*. Neno hilo ni *monsieur* ya Kifaransa iliyopondwapondwa na ndimi za kusini. Baadaye hata mpishi aliyezaliwa vichochoro vya Naples, asiyewahi kuiona Paris, aliitwa monzù akishafikia ubingwa. Kuwa hodari kulimaanisha kuwa Mfaransa, walau kwa jina.

Msafiri au fundi aliyekula nje ya nyumba alikuwa na ngazi zake. Chini kabisa ilikuwa *osteria*, kilabu cha mvinyo. Mteja alinunua kinywaji na mara nyingi alikuja na mkate na jibini lake ndani ya kitambaa. Juu yake kidogo palikuwa na *trattoria*, tuseme mama ntilie mwenye paa na viti, ambako familia iliyopika ndiyo iliyohudumu. *Ristorante* lilikuwa neno la kuazima kutoka Ufaransa, ambako migahawa ya aina hiyo ilianza Paris katika miaka ya 1760.

Kutoka enzi za osteria Wataliano wenyewe hueleza asili ya jambo linalowakera watalii mpaka leo: *coperto*. Ni pesa inayoandikwa kwenye bili kwa kila kichwa, kabla hujaagiza hata tonge. Aliyekuja na chakula chake alilipia nafasi, kitambaa, kisu na hifadhi dhidi ya mvua. Chakula kikaanza kupikwa humohumo, lakini tozo haikuondoka. Mkoa wa Lazio, wenye mji wa Roma, uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2006; baadhi ya migahawa ikabadilisha jina tu, ikaandika "mkate".

Aliyeipa Italia kitu cha kujivunia jikoni hakuwa mpishi. Pellegrino Artusi alizaliwa mwaka 1820 Forlimpopoli, mji mdogo wa Romagna, akawa mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1851 genge la mnyang'anyi maarufu kwa jina la Passatore liliuvamia mji huo, likawateka watu wakiwa ukumbini wakitazama tamthilia, kisha likazunguka kuiba nyumba kwa nyumba. Familia ya Artusi, iliyoumizwa na tukio hilo, ikahamia Florence. Huko akapata mali, akastaafu mapema, hakuoa, na akaugeukia mradi ambao rafiki zake waliuona wa kizee: kukusanya mapishi ya majumbani.

Wachapishaji walimkatalia. Mwaka 1891, akiwa na miaka 71, alichapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,000, mapishi 475. Alipotoa nakala mbili kwa bahati nasibu ya hisani huko kwao Forlimpopoli, walioshinda walikwenda kuziuza kwa muuza tumbaku. Artusi mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika matoleo ya baadaye, kwa raha ya mtu ambaye historia imeshampa haki, kwa kuwa kufikia wakati huo wasomaji walikuwa wakimwandikia kutoka kila pembe na kumtumia mapishi yao. Alipofariki mwaka 1911 kitabu, *La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene*, kilikuwa na mapishi 790. Haki za kitabu aliwaachia watumishi wake wawili wa jikoni, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli, waliojaribu mapishi yale moja baada ya jingine huku yeye akionja na kuandika.

Thamani ya kitabu hicho ilizidi ladha. Italia ilipoungana mwaka 1861, kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, ni asilimia 2.5 tu ya watu walioweza kuzungumza Kiitaliano. Waliobaki walizungumza lugha za kwao. Mpishi wa Bologna na wa Naples wangeweza kupika kitu kilekile kila mmoja akakiita jina lisiloeleweka kwa mwenzake. Artusi alitafuta maneno ya Kitoskana yanayoeleweka kote, akawachokoza wanaoona fahari kupika kwa Kifaransa, na hata mchuzi mweupe wa *béchamel* akauandika *balsamella*. Mchuzi wa nyanya aliufungulia kwa kisa cha kasisi mmoja wa Romagna aliyetia pua katika kila jambo la kila nyumba, mpaka watu wakambandika jina la Padri Nyanya, kwa kuwa nyanya nayo huingia kila mahali. Ni vigumu kukifikiria kitabu cha mpishi wa kifalme kikiwa na ucheshi wa namna hiyo.

Makasri yalichelewa kusikia. Nchi ilikuwa imeungana kwa miongo minne, na karamu za mfalme bado zilikuwa na orodha ya vyakula kwa Kifaransa. Ni mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Vittorio Emanuele III, ndipo ikulu ilipoanza kuziandika kwa Kiitaliano.

Kisha wakaja waliopitiliza. Desemba 1930 mshairi Filippo Tommaso Marinetti, kiongozi wa wasanii waliojiita Wafuturisti, alichapisha katika gazeti la Turin tamko la kuipinga pasta. Kwa hoja yake ilikuwa ikiwafanya Wataliano wazito, wavivu na wasiofaa kwa vita. Machi 1931 kundi lake lilifungua mgahawa mjini humo, Taverna del Santopalato, ambapo mgeni alikula zeituni na kipande cha shamari kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukipapasa msasa, hariri na mahameli. Wahudumu wakampulizia manukato kisogoni, na mngurumo wa injini ya ndege ukatoka jikoni. Marinetti alitunga pia maneno mapya ili kuyafukuza ya kigeni. Baa ikawa *quisibeve*, "hapa hunywewa", na sandwichi ikawa *traidue*, "kati ya viwili". Msomaji aliyewahi kubishania neno kishikwambi atajua mabishano hayo yalivyokuwa. Kiitaliano kilichagua kwa hiari yake: baa imebaki baa. Na pasta imebaki pasta.

Wakati mabwana wakishindana kwa maneno, wakulima walikuwa wakiondoka. Kati ya mwaka 1880 na 1924 Wataliano zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini, wengi wakikimbia njaa. Walikuta pale New York jina lenye sauti ya Kitaliano likiwa limeshatawala ulaji wa matajiri: Delmonico's, iliyoanzishwa mwaka 1827 na ndugu kutoka Ticino, jimbo la Uswisi linalozungumza Kiitaliano. Lakini ndugu hao walikuwa wamesoma soko. Menyu yao ilikuwa ya Kifaransa.

Wahamiaji walipika walichokumbuka na walichokitamani. Nyama iliyokuwa ya sikukuu kijijini sasa ilipatikana kwa mshahara wa wiki, na vibonge vyake vikapandishwa juu ya spageti, jambo ambalo mgahawa wa Roma ukiulizwa utakana kulijua. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, sheria iliacha mwanya kwa kinywaji cha matunda kilichotengenezwa nyumbani, na kaya za Kitaliano zilikuwa na mapipa yao chini ya ngazi. Wasanii na waandishi wa Greenwich Village wakagundua kwamba kwa bei ndogo mtu angeweza kupata sahani ya tambi na kikombe cha kitu chekundu kisichoulizwa jina. Hivyo ndivyo tabaka la kati la Marekani lilivyoonja Italia: kwa kiu. Kitambaa cha mezani kilikuwa cha mirabamiraba myekundu. Cheupe kilikuwa bado kwa Wafaransa.

Safari ya pili ya tambi kwenda Marekani ilianzia Roma, na ilianza na mke asiyeweza kula. Mwaka 1908 Ines, mkewe Alfredo di Lelio, alijifungua mtoto wa kiume akabaki dhaifu, hana hamu ya chakula. Alfredo, aliyekuwa akipika kwenye kijimgahawa cha mama yake, alichanganya tambi pana mbichi na siagi na jibini ya Parmigiano mpaka zikateleza kama hariri. Mke akala. Mwaka 1914 Alfredo akafungua mgahawa wake katika mtaa wa via della Scrofa, akaifanya sahani ile ichanganywe mbele ya mgeni, kwa madaha ya mwigizaji. Mwaka 1920 wakatokea waigizaji wa kweli: Douglas Fairbanks na Mary Pickford, nyota wa sinema za Hollywood, wakiwa kwenye fungate. Mwaka 1927 walimpa uma na kijiko vya dhahabu vilivyochorwa maneno ya kumtawaza mfalme wa tambi.

Tambi na siagi! Kila mama wa Kirumi amewahi kumpikia mtoto mwenye tumbo bovu. Wamarekani walirudi nayo kwao, wakaimwagia krimu, wakaiandika kwenye menyu za bara zima kwa jina la Alfredo, ilhali Mtaliano wa kawaida ukimtajia jina hilo atakuuliza Alfredo gani.

Miaka michache baadaye, Venice ilipata kisa chake cha hisani. Giuseppe Cipriani alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja. Kijana wa Kimarekani, Harry Pickering, aliyekuwa akinywa hapo, ghafla aliacha kufika: familia yake ilikuwa imemkatia fedha. Cipriani alimkopesha lira 10,000. Muda ukapita. Kisha Pickering akarudi, akalipa deni, akaongeza fedha nyingi kuliko deni lenyewe na kumwambia afungue baa yake. Tarehe 13 Mei 1931 Harry's Bar ilifunguliwa katika chumba kilichokuwa ghala la kamba, mwisho wa kichochoro cha Vallaresso. Mwana wa Cipriani aliyezaliwa mwaka uliofuata akaitwa Arrigo, ambayo ni Harry kwa Kiitaliano.

Cipriani alifanya jambo ambalo migahawa ya fahari haikulifanya: alipunguza. Chumba kidogo, meza za chini, uma wa kawaida, wahudumu wasiokusimamia kama mahakimu. Mwanamke mmoja wa ukoo wa kikabaila, Amalia Nani Mocenigo, alikatazwa na daktari nyama iliyopikwa. Cipriani akamkatia nyama mbichi ya ng'ombe vipande vyembamba kama karatasi, akaichora kwa mchuzi mweupe. Wekundu ule ulimkumbusha rangi za Vittore Carpaccio, mchoraji wa Venice wa karne ya 15, na jina likabaki. Leo duniani kuna karpacho ya samaki, ya kiazi sukari, hata ya nanasi, na wengi wanaoiagiza hawajui kwamba wanataja jina la mchoraji. Mwaka 2001 serikali ya Italia iliutangaza mgahawa huo kuwa urithi wa taifa.

Bado muhuri wa daraja la kwanza ulikuwa mikononi mwa Wafaransa. Kampuni ya matairi ya Michelin, inayogawa nyota kwa migahawa, ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa Italia mwaka 1956, na haukuvuka kusini mwa Siena, kana kwamba Roma na Naples hakuliwi. Ilichukua karibu miaka thelathini zaidi kwa mgahawa wowote wa Italia kupata nyota tatu. Aliyezipata, Gualtiero Marchesi wa Milan, alikuwa amekwenda Ufaransa akiwa mtu mzima, akajifunza kwa ndugu Troisgros mjini Roanne, ndipo akarudi kufungua mgahawa mwaka 1977. Nyota ya tatu ilitangazwa mwishoni mwa 1985.

Marchesi alikuwa na akili ya mpiga muziki na mkono wa sonara. Sahani yake ya mwaka 1981 ni wali wa zafarani wa Milan, chakula ambacho kila bibi wa mjini hupika Jumapili, uliosawazishwa kwenye sahani pana nyeusi na kuwekewa katikati karatasi ya dhahabu inayolika. Wako waliocheka. Lakini tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba wali wa bibi haustahili meza ya mfalme. Mwaka 2008 Marchesi aliwataka Michelin waache kumpa alama, akisema wamewafanya vijana wapike kwa ajili ya wakaguzi. Alifariki Desemba 2017.

Hata mwanamke wa kwanza kupata nyota tatu nchini Italia alitoka Ufaransa: Annie Féolde, mzaliwa wa Nice, alikwenda Florence kujifunza lugha, akabaki, na jiko lake la Enoteca Pinchiorri likafikia daraja hilo miaka ya 1990. Mwaka 1996 akafuata Nadia Santini, Mtaliano kwa kuzaliwa. Mgahawa wake, Dal Pescatore, uko nje kabisa ya miji, karibu na mto Oglio katika nchi ya Mantova. Ulianza miaka ya 1920 ukiwa kibanda cha familia ya mumewe kilichouza samaki wa mtoni na mvinyo. Santini alifundishwa na bibi na mama wa mumewe, na sahani inayowaleta watu kutoka mabara mengine ni tambi zilizojazwa boga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, siku ile boga liliposhinda ndipo deni la Paris lilipolipwa.

Massimo Bottura alilichukua jambo hilo mpaka kwenye mzaha. Mgahawa aliofungua Modena mwaka 1995 aliuita Osteria Francescana. Osteria, yaani kilabu cha mvinyo cha mtu mwenye mkate wake kwapani! Mwaka 2016, na tena 2018, orodha maarufu ya migahawa bora 50 iliuweka wa kwanza duniani. Wenyeji hawakumpokea kwa mikono miwili: aliwaletea tortelini sita zikiwa zimepangwa mstari juu ya mchuzi, katika mji ambao tortelini huchotwa kwa upawa na haijawahi kuhesabiwa. Mtu akila tortelini sita Modena, jirani humuuliza anaumwa nini. Mwaka 2015, wakati wa maonesho makubwa ya Milan, Bottura huyohuyo alisaidia kuanzisha katika ukumbi wa tamthilia uliotelekezwa jiko la kuwalisha wasio na makazi, wapishi mashuhuri wakipika vyakula vilivyosalia kwenye maonesho. Finanziera ilikuwa imepatikana kwa njia hiyohiyo.

Afrika Mashariki imeguswa na historia hii kwa pande mbili zisizofanana. Upande wa kaskazini, Barawa, mji wa watu wanaozungumza Chimwiini, lugha ndugu ya Kiswahili, ulikuwa chini ya Waitaliano pamoja na sehemu kubwa ya Somalia. Ukoloni uliondoka, tambi zikabaki: leo Eastleigh, Nairobi, sinia la *baasto* huja na mchuzi wa nyama wenye bizari na ndizi mbivu pembeni. Hakuna nyota, hakuna coperto, na mkono unaruhusiwa.

Upande wa pili ni Malindi, na kilichowaleta Waitaliano huko kilikuwa anga. Profesa Luigi Broglio alichagua maji ya Ngomeni, karibu na ikweta, akasimamisha baharini majukwaa ya chuma ya kurushia roketi yaliyopewa jina la San Marco. Aprili 1967 setilaiti ya Kitaliano ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikafuata setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi mzaliwa wa Italia aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mafundi walihitaji kula. Baada yao wakaja watalii, kisha wastaafu waliojenga nyumba, na nyuma yao wapishi, wenye mashine za espreso na watengenezaji wa aiskrimu. Vijana wa Kimijikenda na Kibajuni wamejifunza Kiitaliano ufukweni pasipo darasa, na wapishi wa Kikenya wanakunja ravioli kwa kasi ambayo Artusi angesimama kuitazama.

Kwenye menyu nyingi za mji huo utakuta *aragosta*, *gamberi* na *granchio* kwa Kiitaliano, chini yake tafsiri ya Kiingereza. Viumbe hao walivuliwa alfajiri na wavuvi wanaowaita kamba mti, kamba na kaa. Italia ilihitaji zaidi ya karne moja na nusu kuacha kuandika chakula chake kwa lugha ya wageni, na wenye migahawa wa Malindi ni wajukuu wa historia hiyo. Basi na waongeze mstari wa tatu.